TAHADHARI: Mafundi wa friji wa "gesi imeisha" wako Eastlands, Nairobi, usikubali friji yako ibebwe

Watu wa Umoja, Donholm, Kayole na huko kote, someni hii na mtumie wazazi wenu juu hao ndio wanalengwa sana. Kuna jamaa wamebandika vikaratasi kwa nguzo za stima na kwa mageti ya ploti, tunatengeneza friji, mashine za kufua, mikrowevu, kuangalia ni bure. Wanakuja wamevaa tisheti za kampuni kubwa ya friji na wanasema ni maajenti. Ukiwauliza barua ya kazi ama ofisi iko wapi wanaanza kuzungusha maneno.

Venye walifanyia jirani yangu imeniuma sana. Ni mama anauza mala na yogati kutoka kwa nyumba, friji ndio biashara yake yote. Stima ilipotea na kurudi mara kadhaa usiku mmoja, asubuhi friji haigandishi, taa ya ndani inawaka sawa lakini huko nyuma inafanya tik, inanyamaza, dakika chache tena tik. Akapiga hiyo namba. Wakafika mbio, hawakutoa mita, hawakufungua hata skrubu moja, mmoja akagusa tu kompresa (ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi) na mkono akasema "mathe, gesi imeisha na kompresa imeungua, hii lazima iende wakshopu." Wakamlipisha 6,500 ya "kilo moja ya gesi" na deposit ya kompresa juu yake, wakabeba friji kwa pikapu. Ilirudi inanguruma kama posho mill, ikapoza kidogo tu halafu ikakufa kabisa na mala yote ikaharibika. Ukipiga simu saa hii, mteja hapatikani.

Tukaita fundi mwingine, huyu ana duka na watu wanamjua. Alichokuta ndio kinanifanya niandike. Kibandiko cha friji yenyewe kinasema inatumia gesi aina ya R600a, na kompresa iliyo nyuma imeandikwa R134a, gesi tofauti, yaani wametoa yake nzima wakaweka ya zamani kutoka kwa friji nyingine. Viungio vya paipu vimechomwa vibaya vibaya, filta ya paipu ya gesi ni ile ile ya zamani. Na kwa ile trei ya maji iliyo juu ya kompresa walisahau rilei ya kwanza, kale kaswichi kanasaidia kompresa kuanza. Fundi akaitikisa karibu na masikio yetu, ndani inalia vipande vipande. Hiyo tik ilikuwa ni kompresa kujaribu kuanza, rilei inakataa, halafu ovalodi, swichi ya kuilinda, inaikatia stima ndio isiungue. Rilei ni kitu ya mia chache na inabadilishwa hapo hapo jikoni friji ikiwa haijasonga hata futi moja!!

Sasa mnisikie kuhusu hii maneno ya gesi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Iko ndani ya paipu zilizofungwa, inazunguka tu, inaweza kaa hapo miaka yote friji iko hai. Ikipungua basi kuna mahali inavuja, na fundi akikwambia anaongeza bila kutafuta mahali inavuja anakuuzia kitu itatoka tena. Tena hiyo kilo moja ni uongo wa mchana. Angalia kibandiko, huwa ndani ya friji kwa ukuta wa pembeni ama nyuma karibu na kompresa, kimeandikwa aina ya gesi na gramu. Friji nyingi za siku hizi za R600a zinabeba kitu kama gramu 40, 50, 60, hata zile kubwa hazifiki kilo. Mtu akikutajia kilo, mfungulie mlango aende.

Na si pesa peke yake. R600a ni isobyuteni, ndugu wa hiyo gesi ya mtungi wako, inashika moto. Kompresa zake huwa na kibandiko cha manjano chenye alama ya moto. Sasa fikiria mtu hajui hata kusoma hicho kibandiko anawasha tochi ya kuchomea kwa jikoni ya bedsita, dirisha imefungwa, mtungi uko hapo kando. Fundi wa ukweli anatoa gesi nje kwanza, anachoma akimaliza kuhakikisha hakuna kitu imebaki, anaweka filta mpya kila akifungua mfumo, halafu anavuta hewa na pampu ya vakyumu kabla ya kupima gesi kwa mizani. Kama hana pampu na hana mizani, hiyo kazi hajui, hata akuonyeshe tisheti kumi.

Kompresa pia inapimwa, haiguswi na mkono. Ina pini tatu, fundi anapima kwa mita kila pini na mwenzake, zile namba mbili ndogo ukizijumlisha zinafaa kutoa ile kubwa. Tena anapima kama kuna pini inagusa bodi ya chuma ya kompresa. Mwambie apime ukiona. Mwenye anajua kazi hatakasirika, atakuonyesha.

Kabla hata uite mtu, kama stima imetoka kurudi angalia friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji kwa soketi, hiyo huwa inangoja dakika kadhaa makusudi ndio kompresa isianze na presha, watu wengi huita fundi hapo. Jaribu soketi nyingine. Kama friza inagandisha lakini chini ni joto, hasa hizi za nofrost, mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa, chomoa, acha milango wazi siku nzima, weka mataulo chini. Ikirudi kuziba baada ya siku kadhaa basi hita ya kuyeyusha barafu ama feni ndio shida, na hiyo pia inatengenezwa nyumbani. Ikipoza kivivu, toa vumbi kwa zile paipu za nyuma na uisongeze mbali na ukuta, halafu funga noti ya 100 kwa mlango, ikitoka bila kuivuta, mpira wa mlango umelegea.

Ikifika mahali lazima friji iende, na iko siku ni lazima, piga picha ya kompresa na namba zake zote na uandikiwe risiti yenye hizo namba. Lipa kwa M-Pesa na usifute meseji, juu jina linalotokea hapo ndio jina laini imesajiliwa, huyu wa jirani yangu alijiita jina moja na meseji ikaleta lingine kabisa. Kama spea imebadilishwa, itisha ya zamani. Ni yako, na kompresa nzima ndio wanataka, ndio maana wanaharakisha pikapu.

Mama ameripoti polisi na amepewa namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Tunaenda pia Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inasikiza madai mpaka milioni moja, unaweza jisimamia bila wakili, na kesi inafaa iamuliwe ndani ya siku 60. Kama hawa jamaa walibeba friji yako pia, nenda nyuma yake leo ulinganishe aina ya gesi imeandikwa kwa kompresa na ile ya kwa kibandiko cha friji, na kama hazifanani toa plagi, piga picha, na upeleke meseji ya M-Pesa polisi kabla hawajabadilisha laini tena.