Kozi ya pikipiki kwa mwendesha baiskeli wa Dodoma: inasaidia, ila si yote

Masomo ya barabarani ndiyo yenye thamani. Faida kubwa ni kutazama nyuma juu ya bega kabla ya kuhama njia: baiskeli nyingi hazina vioo, na asiyezoea akigeuza shingo huvuta usukani upande anaotazama. Mwalimu mzuri hurudia zoezi hili kwenye koni mpaka mwanafunzi anyooke. Kisha nafasi barabarani. Anayejibanza ukingoni hukutana na mchanga, milango ya magari na abiria wanaoshuka daladala. Akikaa kama mita moja kutoka ukingoni, madereva humwona mapema. Kwenye kipilefti, wapishe wanaotoka kulia, na usisimame kamwe ubavu wa kushoto wa lori: likikata kushoto, matairi ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele.

Kwenye breki kozi inapwaya. Mkono wa kushoto wa pikipiki ni klachi, na breki ya nyuma mara nyingi iko mguuni. Baiskeli ya kawaida ina breki mikono yote miwili. Ni nyepesi na fupi pia, kwa hiyo ukibana ya mbele ghafla unaweza kurushwa juu ya usukani. Sogeza makalio nyuma kwenye kiti, bana polepole ukiongeza. Mvua ikinyesha, breki za kubana rimu huchelewa kushika, anza mapema. Na pikipiki huchomoka hatarini kwa kuongeza mafuta; baiskeli haiwezi, hata upepo wa Dodoma ukikusukuma.

Kama chuo kinaruhusu, lipia vipindi vya barabarani tu. Gia na injini viache.