Arusha au Moshi kwenda Dar: tiketi ipi ununue

Kwa barabara, Arusha hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 640. Ukianzia Moshi unapunguza kama 80. Ndege ikiruka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inakata takriban 450 tu, na baada ya saa moja na dakika chache unashuka. Wengi wakisikia hivyo wanaona hesabu imekwisha, lakini hesabu safari tangu mlangoni kwako mpaka mlangoni unakokwenda.

Kwa msafiri wa kawaida, naweka namba moja basi la alfajiri la daraja la juu. Likitoka Arusha saa 12 asubuhi, saa 10 au 11 jioni unakuwa stendi ya Magufuli, Mbezi. Mabasi yote yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo anayekuahidi maajabu anakudanganya. Ile nauli ya ziada inanunua siti pana, kiyoyozi na vituo vichache. Basi la kawaida litapakia Same, litapakia Hedaru, litapakia Mombo, na magoti yako yatajua tofauti. Omba siti ya kulia: asubuhi jua linapiga kushoto, ingawa ukipenda kuangalia milima ya Upare na Usambara, iko huko huko kushoto. Kata tiketi ofisini au kwenye simu. Niliwahi kumwamini mpiga debe aliyenionyesha picha ya basi jipya; lililokuja lilikuwa jingine kabisa, na kioo cha dirisha langu hakikufunga mpaka Chalinze.

Namba mbili ni ndege. KIA iko katikati ya Arusha na Moshi, kwa hiyo wote mna karibu saa nzima ya gari. Ongeza muda wa kuwahi kukaguliwa, safari yenyewe, kusubiri begi, na foleni ya Barabara ya Nyerere: ni saa tano hivi. Bado unaokoa nusu siku, na kwa mgonjwa, mzee au mwenye kikao mchana huo huo, ndege ndiyo namba moja bila mjadala. Ila nunua wiki kadhaa kabla, maana tiketi ya dakika za mwisho inaumiza. Soma pia kilo za mzigo kabla hujafungasha ndizi za shangazi.

Treni ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020. Inalala njiani na haitoki kila siku, lakini mwenye watoto ananyoosha miguu, na daraja la pili la kulala ni kitanda kweli. Kama huna haraka, ifikirie.

Basi la usiku naliweka mwisho. Liliruhusiwa tena mwaka 2023 na linaokoa siku ya kazi, lakini kuanzia Chalinze mnagawana barabara na malori yanayotoka Zambia na Kongo, na hapo nataka dereva aliyelala vizuri.

Kuna msimu mmoja unaovuruga mpangilio huu wote. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na wiki ya kwanza ya Januari kila mtu Moshi anataka kushuka Dar. Siku unayokata tiketi ya kupanda, kata na ya kurudi.