Miezi minane ya Katori Shinto-ryu: uzoefu wangu

Katori Shinto-ryu ni shule ya kale ya sanaa ya upanga ya Kijapani, nami nilianza na hasara. Kabla ya darasa la kwanza nilinunua upanga wa mbao mtandaoni, muuzaji akaapa kwamba ndio wenyewe wa Katori. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuzageuza, akanirudishia huku akicheka. Ulikuwa mnene, umepinda mno, na ncha imechongwa ikachongoka. Wa Katori ni mwembamba, karibu umenyooka, ncha butu, wala hauna kikinga mkono. Euro 45 zikaenda na maji.

Shule hii ilianzishwa na Iizasa Ienao karne ya 15 huko Katori, mkoa wa Chiba nchini Japani, na tangu 1960 mkoa huo unaitambua kuwa urithi wa utamaduni. Huku Ulaya imeenea sana kupitia wanafunzi wa mwalimu wa Kijapani Sugino Yoshio. Wa mwalimu mwingine, Otake Risuke, nao wapo. Namna zao hazifanani, kwa hiyo kabla hujalipa ada muulize mwalimu amefundishwa na nani. Akibabaika, vaa viatu vyako uondoke.

Ukitafuta mashindano na medali, hapa hakuna. Ni kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, za watu wawili, tena ndefu mpaka unahema. Miezi minane ninazo nne tu za mwanzo, na ya nne bado inanichanganya miguu. Wiki tatu nzima nilirudia pigo moja, maki-uchi: upanga unazungushwa kando ya kichwa badala ya kuinuliwa juu moja kwa moja, kwani askari wa enzi hizo alivaa kofia ya chuma.

Kilichonibakiza ni jambo dogo. Mbao zetu zilikuwa zikigongana ta-ta-ta, nami nikidhani tunazuiana. Siku moja mwalimu akanisimamisha, akasogea nusu hatua, akarudia pigo lilelile taratibu. Likatua kwenye kifundo cha mkono wangu. Kumbe ule mgongano ni pazia: pale mbao zinapokutana, vitani ungekuwepo mwili. Mpita njia angesikia kelele tu, siri asiione. Ndiyo maana Japani mwanafunzi huingia kwa keppan, kiapo cha damu, kwamba hatayatoa nje aliyofundishwa.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ukumbi: sakafu ya saruji, baridi, na magoti yangu si ya kijana tena. Ule upanga mnene mke wangu anauegemezea dirisha la jikoni.