Bikarbonati ya jikoni kwa akwariamu ya matumbawe: tathmini kwa wafugaji wa Lubumbashi

Kwa anayefuga matumbawe Lubumbashi, bidhaa nzuri kuliko zote ya kushika alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia asidi, unaopimwa kama KH, ambao matumbawe huutumia kujenga mifupa) haiko kwenye duka la samaki. Iko kwenye rafu ya unga na sukari: bikarbonati ya sodiamu, ile ile ya kulainishia maharagwe. Makopo mengi ya kupandisha KH yanayovushwa mpakani Kasumbalesa yamejaa bikarbonati na kabonati ya sodiamu, wakati mwingine na borati kidogo. Unalipia kopo, lebo na safari. Bikarbonati ya chakula tunaipa alama ya juu kabisa, ila kwa masharti: uwe umeshika pakiti sahihi, uwe na mzani, na uwe na kipimo cha KH unachokiamini.

Tuanze na pakiti, maana hapo ndipo wengi huharibu. Kwenye maduka ya mjini na kwenye soko la Kenya, komini ya Lubumbashi, bikarbonati hukaa bega kwa bega na levure chimique (baking powder), na pakiti hufanana. Levure chimique si bikarbonati tupu. Ndani yake kuna wanga na chumvi ya asidi, mara nyingi fosfati. Fosfati inalisha mwani, na asidi inakula ile alkaliniti uliyotaka kuongeza. Geuza pakiti usome: panatakiwa kuwa na kitu kimoja tu, bicarbonate de sodium au E500. Ukikuta E450 (fosfati) au amidon (wanga), rudisha kwenye rafu. Ile ya kupimiwa kwenye kifuko bila lebo ijaribu hivi: nusu kijiko kwenye glasi kavu, halafu mimina maji baridi. Levure chimique hutoa povu papo hapo na kuacha ukungu mweupe wa wanga usioisha. Bikarbonati hutulia chini, huyeyuka polepole ukikoroga, na maji hubaki maangavu. Dondoshea siki sasa, nayo itachemka. Jaribio hili halikuhakikishii usafi wa kila kitu kilichomo, kwa hiyo yenye lebo ni bora daima. Magadi ya mawe usiyaguse: yanatoka ziwani pamoja na kloridi, floridi na udongo wake.

Kiwango gani cha KH? Maji ya bahari yenyewe yana karibu 7 dKH (digrii za KH), yaani kama meq (milikwivalenti) 2.5 kwa lita (meq 1 kwa lita ni 2.8 dKH). Matumbawe ya akwariamu huishi vizuri kati ya 7 na 11. Kwa tangi la kawaida tunapendekeza 8 hadi 8.5. Sababu ni kwamba hapo una nafasi ya kukosea pande zote mbili. Anayeendesha tangi lenye nitrati na fosfati karibu na sifuri abaki 7 hadi 8, kwa kuwa KH ya juu kwenye maji yasiyo na chakula huunguza ncha za Acropora (matumbawe ya matawi): mifupa inataka kukua kuliko nyama inavyoweza kuifuata. Mwenye samaki wengi na lishe nyingi anaweza kukaa 9 bila shida. Lakini kuchagua 8 au 9 kuna uzito mdogo kuliko kukaa pale ulipochagua. Tangi linalopanda 10 Jumapili na kushuka 7 Ijumaa litapoteza matumbawe ambayo lingeweza kuyatunza miaka kwa 7.5 isiyotikisika.

Hesabu ni nyepesi. Gramu 3 za bikarbonati hupandisha lita 100 za maji kwa 1 dKH. Tangi lenye lita 250 za maji halisi (toa nafasi ya mawe na mchanga), likiwa 6.8 na ukitaka 8, linahitaji gramu 9. Usipandishe zaidi ya 1 dKH kwa siku, kwa hiyo hizo gawa siku mbili. Kijiko cha chai hakiaminiki. Ujazo wake hubadilika kulingana na ulivyoshindilia unga. Mzani mdogo wa sonara wenye kusoma 0.1 g unatosha.

Kwa matumizi ya kila siku, tengeneza maji yaliyopimwa: gramu 84 kwenye chupa, jaza maji ya osmosi (yaliyochujwa kwa mashine hadi kuondolewa madini) mpaka lita 1. Kila mililita ya maji hayo ina meq 1, na mililita 36 hupandisha lita 100 kwa 1 dKH. Kiasi hicho kiko karibu na mwisho wa uwezo wa maji kuyeyusha, basi tumia maji ya joto la chumba, tikisa, acha, tikisa tena. Usichemshe ili kuharakisha. Joto linafukuza gesi ya kaboni (CO2) na kugeuza sehemu ya bikarbonati kuwa kabonati. Alkaliniti haipotei, lakini maji hayo yataipandisha pH kuliko ulivyopanga.

Wapo wanaotaka hasa hiyo kabonati. Tandaza bikarbonati kwenye sinia, iweke kwenye oveni ya nyuzi 150 hadi 200 kwa saa moja, na gramu 100 zitabaki kama 63. Nguvu ya alkaliniti ni ile ile, uzito umepungua, pH inapanda. Inafaa kwa tangi ambalo pH yake haivuki 8.0 mchana. Imwage polepole mbele ya pampu: ikitua mahali pamoja, utaona wingu jeupe la kabonati ya kalsiamu, na wingu hilo ni KH na kalsiamu ulizozilipia zikigeuka vumbi. Anayeanza atumie ile isiyookwa.

Kabla ya kuweka kiasi cha kila siku, jua tangi linakula kiasi gani. Pima saa ile ile, usiongeze chochote kwa siku tatu, pima tena. Ikiwa imetoka 8.4 hadi 7.5, matumizi ni 0.3 dKH kwa siku, na kwa lita 250 hiyo ni mililita 27 za maji yale. Ongeza asubuhi, wakati pH iko chini na hatari ya wingu ni ndogo. Rudia upimaji kila wiki, maana matumbawe yakikua hula zaidi. Kama matumizi ni makubwa na matumbawe hayakui, angalia nitrati: inapopanda kwa 50 mg kwa lita, imeondoka na karibu 2.3 dKH.

Bikarbonati haileti kalsiamu. Kila 2.8 dKH zinazoliwa huondoka na karibu 20 mg za kalsiamu kwa lita, hivyo pima nayo mara mbili kwa mwezi, iwe 400 hadi 450. Magneziamu iwe karibu 1300; ikishuka sana, KH na kalsiamu hazikai pamoja, na ukoko hujenga kwenye hita na ndani ya pampu hata ukiongeza dozi. Kloridi ya kalsiamu iingie saa kadhaa mbali na bikarbonati.

Upande wa vipimo, hapa ndipo fedha uliyookoa kwenye kopo inapotakiwa kwenda. Kipimo cha matone cha Salifert ni cha kutegemewa na hakihitaji betri. Kinategemea jicho la anayesoma, kwa hiyo pimia mahali penye mwanga mweupe. Mashine ya Hanna HI772 inasoma dKH moja kwa moja kwa mililita 10 za maji na mililita 1 ya dawa, na inaondoa ubishi wa rangi. Lakini soma usahihi wake kama ulivyotangazwa na mtengenezaji: ±0.3 dKH pamoja na 5% ya namba. Kwenye 8.0 hiyo ni 0.7 nzima kila upande. Usikimbilie kuongeza dozi kwa sababu leo imesema 7.8 na jana 8.1. Alama ya kidole kwenye kichupa, kiputo cha hewa na sirinji isiyojaa sawasawa vinatosha kuleta tofauti hiyo.

Kipimo cha matone unaweza kukikagua mwenyewe kwa bikarbonati ile ile: gramu 2.4 kwenye lita 1 ya maji ya osmosi, kisha chukua mililita 100 za hayo, ongeza maji ya osmosi mpaka lita 1. Umepata 8.0 dKH. Kipimo kikisema 9, huenda dawa yake imezeeka. Mashine ya Hanna isikaguliwe hivyo, kwa kuwa imepangwa kwa maji yenye chumvi.

Chumvi nayo huvuruga hesabu. Red Sea Coral Pro huja na KH karibu 12. Ukibadilisha 20% ya maji kwenye tangi la 8, umepandisha 0.8 kwa mara moja. Chagua chumvi iliyo karibu na kiwango chako, au badilisha maji kidogo kidogo. Maji ya kuchanganyia yawe ya osmosi. Maji ya ardhini yaliyopita kwenye dolomia yana KH yake, na katika ukanda wa shaba hakuna sababu ya kubahatisha: shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe. Kwa sababu hiyo hiyo usitengeneze maji ya chokaa (njia nyingine ya kuongeza kalsiamu na KH) kwa chokaa ya viwandani, hata ile nyeupe kabisa kutoka Likasi. Hiyo imechomwa kwa ajili ya kazi za madini.

Juni na Julai, madirisha yakifungwa na mbabula (jiko la makaa) ikiwaka ndani, gesi ya kaboni hujaa nyumbani na pH ya tangi hushuka. KH haijashuka. Anayeongeza bikarbonati hapo anapandisha kitu kisichopungua, na pH inabaki pale pale. Toa mbabula nje, fungua dirisha, au vuta hewa ya pampu kutoka nje kwa mrija.

Na umeme wa SNEL ukikatika, usiongeze chochote. Bila mkondo, dozi inazama kwenye kona na kuganda hapo. Pampu ikirudi, acha maji yazunguke walau nusu saa, kisha mimina dozi ya siku moja tu, hata kama umekosa mbili. Pengo lililobaki lijaze taratibu baada ya kupima.