Shahada ya FNP ya mtandaoni Marekani: nani ataifurahia, nani ataijutia

Nesi wa Kikenya au Kitanzania aliyetulia Minneapolis, Dallas, Lowell au Seattle hachelewi kuulizwa na wenzake: unangoja nini kusomea NP (nurse practitioner, muuguzi-tabibu)? Vyuo vya mtandaoni navyo vimemsogezea shahada hadi sebuleni. Anaendelea na zamu zake, anasoma usiku, na baada ya miaka 2 au 3 anamaliza uzamili wa FNP, yaani uuguzi-tabibu wa familia. Ni bidhaa ya makumi ya maelfu ya dola, na inastahili kukaguliwa kama gari la mtumba: ufungue boneti kabla hujatoa pesa.

Hukumu kwanza. Kazi yenyewe ni nzuri, na aliyeingia akijua anachokitaka huipenda. Majuto mengi hayaletwi na wagonjwa. Yanaletwa na chuo kinachomwachia mwanafunzi atafute mwenyewe nafasi ya mafunzo, na fani iliyochaguliwa kwa kufuata mkumbo, na mkataba wa kwanza uliosainiwa mbiombio.

Kwa msomaji aliye nyumbani: NP anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaagiza vipimo na kuandika dawa. Kazi zake za kila siku zinakaribiana na za klinikal ofisa wa Kenya, ila yeye amepandia ngazi ya uuguzi. Kada hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipofungua mafunzo ya kuhudumia watoto mahali palipokosa madaktari. Leo karibu NP 7 kati ya 10 wana cheti cha FNP.

Sasa tuje kwenye kasoro kubwa ya bidhaa hii. Nadharia ni ya mtandaoni, lakini kliniki si ya mtandaoni. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zamani zilikuwa 500. Kila saa inahitaji mkufunzi wa kliniki, NP au daktari aliyekubali mwanafunzi akae naye chumbani na kumwonyesha wagonjwa wake. Vyuo vingi vya mtandaoni vinamwachia mwanafunzi kazi hiyo ya kumtafuta. Matokeo yake ni nesi anayepiga simu kliniki 40, anajibiwa na 3, na aliyekubali anajitoa wiki mbili kabla ya muhula kuanza. Muhula unampita, ada ya kuendelea kuwa mwanafunzi inabaki, na tarehe ya kumaliza inasogea. Wengine huishia kulipa kampuni za kuwatafutia mkufunzi, ambazo hutoza kwa saa, na rotesheni moja, yaani kipindi kimoja cha mafunzo ya kliniki, inaweza kumeza dola elfu kadhaa zisizokuwemo kwenye bei iliyotangazwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisa wa udahili lisiwe ada kwa kila kredi. Liwe hili: chuo kinanitafutia mkufunzi, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Akijibu kwamba "tunamsaidia mwanafunzi katika utafutaji", elewa kwamba utatafuta wewe. Swali la pili: je, chuo kimeruhusiwa kupeleka wanafunzi kliniki katika jimbo ninaloishi? Yapo majimbo ambayo vyuo vya nje havina ruhusa hiyo, na anayehama Georgia kwenda Washington katikati ya masomo anaweza kukwama. La tatu ni ithibati, ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua programu za uuguzi. Bila ithibati inayotambuliwa hutakubaliwa kukaa mtihani wa cheti, uwe wa bodi ya AANPCB wenye maswali 150 au wa bodi ya ANCC wenye maswali 175.

Kuhusu mkopo, mambo yamebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaufuta mkopo wa serikali wa Grad PLUS, wa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kuweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka kwa shahada za uzamili za kawaida. Anayepanga kuanza masomo apige hesabu zake kwa kikomo hicho, asiige aliyesoma miaka mitatu iliyopita. Kwa aliye tayari kufanya kazi kwenye vituo vyenye upungufu wa wahudumu, mpango wa serikali wa Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka 2 ya utumishi.

Fani nayo inawaumiza wengi. Nesi amekaa ICU miaka sita, anazijua mashine na dripu za kupandisha presha kama kiganja chake, halafu anachukua FNP kwa kuwa ameambiwa inafungua milango yote. Haifungui. FNP ni mafunzo ya kliniki za nje, na hospitali nyingi sasa zinataka cheti cha wagonjwa mahututi kwa anayetaka kufanya kazi wodini. Anajikuta na diploma inayompeleka kwenye kikohozi na chanjo, wakati moyo wake uko kwenye mapigo ya moyo na gesi za damu. Kurudi shule kuchukua cheti cha ziada kunamaanisha rotesheni upya, na wakufunzi kutafutwa upya. Kabla ya kuomba nafasi chuoni, kaa siku nzima na NP wa kliniki ya familia, umtazame mpaka afunge kompyuta.

Ukikaa naye, utaona hivi. Mgonjwa wa miaka 62 ana kisukari na presha, amepangiwa dakika 20, na analalamika kizunguzungu. NP anampima presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, chanzo kimeanza kuonekana. Anapitia dawa zote, hasa ile ya presha iliyopandishwa dozi majuzi. Anaangalia A1c ya mwisho, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Anamvua soksi na kugusa nyayo kwa uzi wa monofilamenti wa gramu 10, kuona kama zimekufa ganzi. Kama dawa ya presha ya lisinopril ndiyo kwanza imeanzishwa, anaagiza kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu zipimwe tena baada ya wiki 1 hadi 2. Halafu anaandika yote hayo, na anayefuata ameshaingia chumba cha pili. Mgonjwa huyo akirudi miezi mitatu baadaye, kizunguzungu kimekwisha na A1c imeshuka, NP anajua kwamba uamuzi ulikuwa wake. Raha hiyo wodini ni adimu, na ndiyo inayowafanya wengi wasitamani kurudi.

Lakini saa kumi na moja jioni kikasha cha ujumbe kinamsubiri: majibu ya maabara, maombi ya kujaziwa dawa, vibali vya bima, na wagonjwa walioandika maswali marefu. RN, yaani nesi aliyesajiliwa, akikabidhi zamu, amemaliza. NP anakipeleka kikasha nyumbani.

Hapo ndipo hesabu ya mshahara inapohitaji utulivu. Takwimu za Ofisi ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa RN ni dola 93,600 kwa mwaka, na wa NP dola 129,210. Tofauti inavutia. Ila RN huyo analipwa kwa saa, sawa na dola 45. Akifanya zamu 4 za saa 12 kwa wiki, saa 40 ni dola 1,800, na saa 8 za ovataimu kwa dola 67.50 ni 540. Jumla ni 2,340 kwa wiki, yaani 121,680 kwa mwaka. NP kwa kawaida yuko kwenye mshahara usio na ovataimu. Kikasha kikimfikisha saa 50 kwa wiki, kila saa yake ni kama dola 49.70. Anayefuata pesa peke yake, hasa mwenye wazazi na ada za wadogo zake zinazomsubiri nyumbani, aiweke hesabu hiyo mezani pamoja na deni la chuo.

Jimbo pia lina uzito. Zaidi ya majimbo 25 yanamruhusu NP kufanya kazi kwa leseni yake mwenyewe. Minnesota imo tangu 2015, kwa sharti la saa 2,080 za mwanzo chini ya makubaliano ya ushirikiano, na Massachusetts tangu 2021. Texas na Georgia bado zinamfunga kwa daktari, na anayeota kufungua kliniki yake huko ajue kwamba mara nyingi atamlipa daktari huyo kila mwezi.

Mkataba wa kwanza usomwe sentensi kwa sentensi. Uliza utaona wagonjwa wangapi kwa siku mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Mwajiri anayekupa 20 kuanzia wiki ya pili hana mpango wa kukufundisha. Uliza saa ngapi kwa wiki zimetengwa kwa ajili ya kikasha. Kwenye bima ya kesi za kitabibu, angalia kama inalipa madai yanayoletwa tu wakati bado umeajiriwa. Ikiwa hivyo, iandikwe kwamba mwajiri ndiye atakayelipia nyongeza ya kufunika madai yatakayokuja baada ya kuondoka, kwa maana bei yake huzidi ada ya mwaka mzima. Kifungu cha kukuzuia kufanya kazi karibu na kliniki hiyo ukiacha kazi nacho kijadiliwe kabla ya kusaini, si siku ya kuaga.

Aliyemaliza akijiona hajaiva bado ana njia nyingine: mwaka mmoja wa mafunzo baada ya shahada. Kituo cha afya cha jamii huko Middletown, Connecticut, kilianzisha mpango wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2007, na sasa iko mingi nchini. Mshahara wa mwaka huo ni mdogo kuliko wa kazi kamili, lakini wagonjwa huongezwa polepole na kuna mtu wa kumuuliza mlangoni. Nafasi ni chache, na maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya kuhitimu, kwa hiyo fomu ijazwe ukiwa bado kwenye rotesheni.