Nimejaribu vitambaa vitatu kwa blanketi la W'Kabi: uzoefu wangu, Moshi na Arusha

Mdogo wangu ni mrefu, mabega mapana, na tangu filamu ya Black Panther itoke mwaka 2018 amekuwa akiniomba nimtengenezee blanketi la W'Kabi, mhusika anayeigizwa na Daniel Kaluuya, lile la bluu analolivaa begani. Mwaka huu nikakubali, ila nikamwambia tukianza tusilipue. Mtu akisimamisha filamu na kuweka picha yetu pembeni, asione tofauti ya haraka. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, vitambaa nanunua hapa hapa au Arusha, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Imechukua miezi miwili, kwa sababu nilianza kwa kutafuta rangi. Rangi ilikuwa ya kutafutwa mwisho kabisa.

Kwanza mjue lile blanketi ni nini. Mbunifu wa mavazi ya filamu ile, Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, hakulitoa kichwani. Ni blanketi la Wabasotho wa Lesotho, la sufu, vazi la heshima kwao tangu enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza. Mistari yake huvaliwa ikisimama wima, haikai ya kulala. Carter aliagiza mablanketi hayo 150, akayachapa alama za vibranium, yale madini ya kubuni ya kwenye filamu, kwa rangi ya fedha upande mmoja, ili yakigeuzwa yawe ngao. Yalipopigwa picha za majaribio yakaonekana mazito mno, na msaidizi wake akakaa kuyanyoa manyoya, blanketi moja moja, kwa mashine ya kunyolea ndevu. Habari hiyo niliisoma nikaipita. Laiti ningeisoma mara mbili, ningeokoa hela.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la Kimasai. Ukisema W'Kabi mbele ya watu wa huku, saba kati ya kumi watakwambia "si uchukue shuka tu?" Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Nilipata la bluu Arusha, karibu na Soko Kuu, kwa shilingi 18,000. Shuka zuri, rangi imetulia, pindo safi. Nikaliweka kwenye mizani ya duka la mchele jirani yangu: gramu 600. Mdogo wangu akalitupia begani, tukatoka nje, upepo kidogo tu likapeperuka kama kanga kwenye kamba. Kwenye filamu lile blanketi linakaa. Mtu akigeuka, lenyewe linachelewa kidogo kumfuata, na mkunjo wake ni mnene, wa mviringo. Shuka linakunjika kwa mikunjo midogo midogo mikali. Silisemi vibaya shuka, limetengenezwa kwa mtu anayetembea juani kutwa nzima, na kwa kazi hiyo halina mpinzani. Ila kwa W'Kabi, hapana. Tena lina drafti, ile miraba miraba, na drafti huwezi kuifuta.

La pili niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, Dar es Salaam, aliyeandika "sufu halisi, zito". Shilingi 45,000 pamoja na nauli ya basi. Lilipofika lilikuwa zito kweli, kilo moja na nusu, laini, bluu ile ile. Nilifurahi mpaka nilipolipiga picha kwa simu saa saba mchana. Lilikuwa linang'aa. Linang'aa kama blanketi la kitandani, na usoni mwa picha hakuna kingine unachokiona. Sufu hunywa mwanga; hili lilikuwa linaurudisha.

Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kumwomba muuzaji alifanye kabla sijalipa: nikachomoa nyuzi mbili tatu pindoni nikazichoma kwa kiberiti. Jifunzeni hili, halina gharama. Sufu ikishika moto inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima yenyewe, na majivu yake yanasagika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Zangu zilitoa kidonge. Nilimwandikia, akajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Kilichoniuma si hela tu. Poliesta haishiki rangi ya kawaida ya kuchovya nyumbani, na wino wa kuchapa juu ya manyoya marefu namna ile unabaki kwenye ncha, ukikung'uta unadondoka. Yaani hata kurekebisha sikuweza. Sasa hivi linamfaa bibi yetu Machame, na analipenda.

Hapo ndipo nikabadili mpangilio wa kutafuta. Uzito na jinsi kitambaa kinavyolala begani kwanza, kwa sababu hivyo havibadilishiki. Kinavyopokea mwanga, pili. Rangi, mwisho, mradi uzi wenyewe unakubali rangi.

Nikaenda soko la Kiboriloni asubuhi mapema, wakati wanafungua belo za mitumba. Nilikuwa sitafuti bluu tena, natafuta uzito. Kaka mmoja muuza mablanketi akaniona nayanyanyua moja moja, nayaning'iniza kwenye mkono ulionyooka, nayaachia. Akaniuliza, "Dada, unanunua au unayapima afya?" Nikamweleza. Akacheka, akaenda chini kabisa ya rundo akatoa blanketi la kijivu, gumu kidogo, la aina ile ya zamani ya bweni, ambalo alisema limekaa wiki tatu hakuna anayelitaka kwa sababu linawasha. Nikaomba uzi mmoja, nikauchoma pale pale. Harufu ya nywele. Shilingi 12,000. Kilo moja na gramu mia nane, na likining'inizwa mkononi linashuka moja kwa moja chini, linasimama.

Kazi iliyofuata ndiyo ndefu. Sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inajikunyata na kuwa nene kama zulia, hairudi tena. Nililoweka kwenye maji baridi na sabuni kidogo, nikalikandamiza bila kulikamua, nikalitandaza kivulini. Halafu nikaazima mashine kwa kinyozi wa mtaani kwetu, nikalinyoa upande mmoja. Kichwa cha mashine nikakijaribisha kwanza pembeni, kwenye kona itakayofichwa na pindo, maana ukikiegemeza sana kinakula uzi. Saa nne mfululizo, mashine ikipata joto naipumzisha. Nilimwelewa sana yule msaidizi wa Carter siku ile. Blanketi lilipungua kama gramu mia hivi, lakini tofauti kwenye picha ilikuwa kubwa: mikunjo ikaonekana, umbo la bega likatokea.

Rangi nilitumia ya unga, ya sufu, niliyoagiza Nairobi kwa mtu anayesafiri. Inataka tindikali kidogo, kwa hiyo siki inaingia kwenye sufuria. Kinachotakiwa ni kupandisha moto polepole na kuacha vipoe pamoja humo humo, usilitoe la moto ukaliingiza kwenye maji baridi. Kijivu cha chini kilinisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Bluu haikutoka ya kung'ara, ilitoka ya vumbi vumbi, ya kitu kilichovaliwa miaka. Bluu ya dukani isingenipa hiyo.

Alama za fedha alizichapa fundi wa fulana wa Arusha, kwa skrini, upande ule nilionyoa. Nilimpelekea kipande cha majaribio kwanza na namshukuru alinikubalia bila kununa. Mara ya kwanza alipitisha wino mwingi, kipande kikawa kigumu kama kadibodi. Mara ya pili akapitisha mwembamba mara mbili, akiacha ukauke katikati. Hapo ukakubali. Kazi yake shilingi 30,000, na ningemlipa tena.

Picha tulipiga njia ya Boma Ng'ombe, jioni, nyasi zimekauka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko nyuma. Nilimwambia mdogo wangu atembee hatua kumi kisha ageuke ghafla. Aligeuka, blanketi likabaki nyuma nusu sekunde, kisha likamfuata na ule upande wa fedha ukashika jua mara moja. Niliirudia video hiyo jioni nzima.

Kasoro ipo. Linawasha shingoni, kwa hiyo nimeshonea ukanda wa bitana ya pamba ndani ya ukosi, hauonekani mtu akilivaa. Na ule wino wa fedha umeanza kupasuka mstari mmoja pale nilipolikunja kulipeleka Arusha na kurudi. Sasa nalizungusha kwenye bomba la plastiki, upande wa fedha nje, na shuka la Kimasai ndilo nalolifunikia lisipate vumbi.