Mapitio ya podikasti: mmoja anasimulia, mwenzake hajui lolote

Mimi ni mshonaji. Mguu uko kwenye kanyagio, mikono kwenye kitambaa, macho kwenye sindano, na siku nzima masikio tu ndiyo yanabaki bila kazi. Kwa hiyo nimejaribu podikasti nyingi, na nyingi nimeziacha kabla sijamaliza pindo la gauni moja. Hii ya marafiki wawili nimesikiliza vipindi vyake vyote, vingine mara mbili.

Ni wanawake wawili waliojuana tangu utotoni. Majina yao huyataja mara chache. Wao huitana shosti, na msikilizaji huwatofautisha kwa sauti. Mmoja ana sauti nzito, hasemi haraka. Mwenzake ni mwepesi wa kuuliza, na swali likimjia halisubiri zamu. Wanazungumzia katuni, sinema, vichezeo, michezo ya video na visa vya ajabu ambavyo dunia imevisahau au imevikumbuka vibaya. Sharti lao ni moja: anayeleta kisa wiki hiyo hamdokezei mwenzake chochote kabla ya kurekodi. Sharti hilo ndilo linalobeba kila kitu. Podikasti nyingi za watu wawili ninazozijua zina wasimuliaji wawili wanaogawana karatasi moja, mmoja akisoma mwenzake anaitikia "kweli kabisa" huku akijua mstari unaofuata. Hapa asiyejua hajui kweli, na unamsikia akishangaa.

Kipindi kilichonikamata ni cha simu za Garfield. Garfield, yule paka wa katuni wa rangi ya machungwa, alianza kuchapishwa magazetini mwaka 1978, na miaka ya themanini zikatengenezwa simu za mezani zenye umbo lake. Ukiinua mkono wa simu, paka anafumbua macho. Basi kwa zaidi ya miaka 30 vipande vya simu hizo vilikuwa vikitupwa na bahari kwenye fukwe za Bretagne, Ufaransa, na waliokuwa wakisafisha fukwe wakiviokota bila kujua vinatoka wapi. Mwenye sauti nzito alisimulia hadi hapo akanyamaza. Mwenzake akaanza: "Ngoja kwanza, shosti. Miaka thelathini? Hakuna aliyeuliza?" Akauliza kama kuna kiwanda karibu. Akauliza kama kuna meli iliyozama. Akauliza plastiki inawezaje kubaki na rangi muda wote huo. Maswali yote matatu ndiyo niliyokuwa nayo mimi, na kwa mpangilio uleule.

Jibu lilikuja mwaka 2019. Mkulima wa eneo lile alikumbuka kwamba baada ya dhoruba moja miaka ya themanini aliona kontena limekwama ndani ya pango la baharini, pango ambalo huwezi kulifikia ila maji yakiwa yamekupwa sana. Watu wakaenda, wakakuta mabaki ya kontena yamebanwa na miamba, na simu nyingi zilikuwa zimekwisha kutoka zamani. Hapo ndipo wengi wangefunga kipindi kwa kicheko. Wao hawakufunga. Muulizaji alitaka kujua kwa nini yule mkulima hakuulizwa mapema, na wakatumia karibu dakika kumi kwenye jambo hilo moja: kwamba jibu lilikuwepo muda wote kichwani mwa mtu, likisubiri swali. Nilisimamisha cherehani nikasikiliza tu. Sifanyi hivyo mara nyingi, maana kazi ya watu ina tarehe.

Wiki iliyofuata muulizaji alilipiza kwa bata wa plastiki. Januari 1992 kontena lilianguka kutoka melini katikati ya Pasifiki likiwa na vichezeo 28,800 vya kuogea watoto: bata wa njano, kobe wa buluu, vyura wa kijani na biva wekundu, wale wanyama wa mtoni wenye mkia bapa. Karatasi za pakiti zililowa zikaachia, na kwa kuwa vichezeo vile havikuwa na tundu, vikaelea. Novemba mwaka huohuo vikaanza kufika Sitka, Alaska. Mtaalamu wa bahari Curtis Ebbesmeyer na mwenzake James Ingraham walivitumia vichezeo hivyo kuchunguza mikondo ya maji. Ninachokipenda hapa ni jinsi visa viwili vilivyoshikana bila wao kupanga. Mwenye sauti nzito alidakia katikati: "Kumbe bata wamefundisha watu, na paka wangu wamebaki kuwa takataka tu?" Wakabishana kweli, kwa upendo, na hawakuafikiana. Mabishano ya namna hiyo hayaandikwi kwenye karatasi.

Kuna kipindi kimoja ambacho kinathibitisha kwamba wanajua wanafanya kazi ya sauti, si ya maandishi yanayosomwa. Ni kile cha ukelele wa Wilhelm. Waliucheza kwanza, bila maelezo: mwanamume anapiga yowe kali, fupi, lenye kupanda na kushuka. Wakaucheza tena. Kisha ndipo tukaambiwa kwamba ulirekodiwa mwaka 1951 kwa ajili ya tukio la mtu anayeburutwa na mamba, ukapata jina kutokana na askari aitwaye Wilhelm anayechomwa mshale katika filamu ya 1953, na kwamba fundi wa sauti Ben Burtt aliutoa kwenye maktaba akauweka katika Star Wars ya 1977, tangu hapo mafundi wenzake wakawa wanaupachika kwenye mamia ya filamu kama salamu ya siri baina yao. Baada ya hapo, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, ukelele ule ukasikika tena chinichini. Nilitabasamu peke yangu mbele ya mashine. Nami pia huacha mshono mdogo wa uzi tofauti ndani ya kola za nguo ninazozipenda, mahali ambapo mvaaji hataona, kwa hiyo wale mafundi nawaelewa.

Wanapokosea husema. Walipozungumzia kaseti za michezo ya video za kampuni ya Atari zilizofukiwa Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, walisema ni mamilioni, na kwamba zote ni za E.T., mchezo uliotengenezwa kwa haraka ya wiki tano hivi. Kipindi kilichofuata kilianza na masahihisho kabla hata ya salamu: walipofukua mwaka 2014 walikuta michezo ya aina nyingi, hata ile iliyouzwa vizuri, na meneja wa zamani wa kampuni alitaja kaseti 728,000. Hawakujitetea. Walisema walichosema awali, wakasema kilicho sahihi, wakaendelea.

Ndiyo maana kipindi cha Strasbourg kimeniudhi, na bado hakijarekebishwa. Julai 1518, katika mji huo ambao leo uko Ufaransa, mwanamke mmoja alianza kucheza dansi barabarani asiweze kuacha, wengine wakamfuata, na hesabu kubwa zaidi husema walifika kama 400. Wakuu wa mji wakadhani dawa ni kuwaacha wacheze hadi hali hiyo iwatoke, wakawaletea hata wapiga muziki. Kisa ni kizito chenyewe. Lakini wao walitaja vifo vya watu 15 kwa siku kama jambo lililothibitishwa, ilhali kumbukumbu za mji za wakati ule hazina idadi ya vifo. Kibaya zaidi, walicheka. Hao walikuwa watu wenye miguu inayovuja damu, na msimuliaji alipaswa kumzuia mwenzake, kama mwenzake alivyowahi kumzuia yeye kwenye kisa cha mafuriko ya molasi ya Boston ya 1919, alipomwambia kwa upole, "Shosti, wamekufa watu 21 pale, twende taratibu."

Wageni nao siwataki. Kila wanapomkaribisha mtu wa tatu, sharti lao linavunjika, kwa sababu mgeni huja na kisa ambacho wote wawili wamekwisha kukisoma ili wasimwaibishe. Wanakuwa na adabu, wanapeana nafasi, na ile kasi ya kukatana maneno inapotea. Ubora wa sauti ni mzuri, isipokuwa maiki ya muulizaji hupasuka akicheka karibu mno. Matangazo yako mwanzoni tu, jambo ninalolishukuru.

Anayetaka kuanza aanze na simu za Garfield, kisha bata, kwa mfuatano huo. Cha ukelele asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Cha Strasbourg akiache kwanza. Mimi nimewaandikia kuhusu ile idadi ya vifo, na kipindi kijacho ni zamu ya mwenye sauti nzito. Koti la kutia bitana nimeliweka kando kwa ajili ya siku hiyo.